2,147,483,647: namba tasa iliyothibitishwa kabla ya kompyuta

Chukua 2 thelathini na moja, uzizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Unapata 2,147,483,647. Namba hii ni tasa: haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Aliyelithibitisha hilo ni mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1772, akiishi St. Petersburg nchini Urusi, macho yake yakiwa karibu yamepofuka kabisa.

Aliwezaje? Njia tunayofundishwa shuleni ni kuijaribu kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, yaani hadi 46,340. Hizo ni karibu 4,800, na kosa dogo katika mgawanyo mmoja tu linaweza kuharibu kazi nzima.

Lakini namba za umbo hili zina tabia yake. Kama kipeo cha 2, yaani idadi ya 2 zinazozidishwa, ni namba tasa kubwa kuliko 2, kila kigawo tasa cha namba unayopata, ukitoa 1 kwake, huwa kigawe cha maradufu ya kipeo. Jaribu mwenyewe kwa kipeo 11: unapata 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Toa 1 kwa kila moja, zinabaki 22 na 88. Zote ni vigawe vya 22!

Kwa kipeo 31, basi, tunatafuta katika 63, 125, 187, 249 na kuendelea, tukiruka 62 kila mara. Kuna sharti la pili: kigawo tasa kikigawanywa kwa 8, baki lazima iwe 1 au 7. Hapo 125 na 187 zinaanguka, 63 na 249 zinapita, na mpangilio huo hujirudia mpaka mwisho. Zinazobaki kujaribiwa hazifiki 400, na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo nazo hurukwa. Hakuna hata moja iliyoigawa. Kwangu mimi huu ndio utamu wa hisabati: kujua kwa uhakika wapi hapana haja ya kutafuta.

Utasa wake una kazi hadi leo. Anza na 1, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa namba yetu, chukua baki, kisha rudia. Utapita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja, ndipo urudi ulipoanzia. Programu nyingi zimetumia mzunguko huu kuzalisha namba za kubahatisha.

Namba hiihii ndiyo kikomo cha kompyuta zinazohesabu muda kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, ingawa hapo utasa hauhusiki; sababu ni kwamba katika mfumo wa namba mbili huandikwa kwa 1 thelathini na moja mfululizo, na biti iliyobaki ni ya alama ya hasi. Kompyuta hizo huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Kwa saa za Afrika Mashariki, nafasi itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi, sekunde ya 7. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utasoma tarehe 13 Desemba 1901.