Hukumu isomwe na wote, jina la mtoto lisitafutike

Nilipoanza kazi ya kutunza kumbukumbu za mahakama, mtu aliyetaka kusoma hukumu ya talaka ya jirani yake alilazimika kufika masjala, kueleza shida yake, kulipa ada na kusubiri karani atafute jalada. Hukumu ilikuwa wazi kwa kila mtu, lakini usumbufu huo peke yake uliwazuia wadaku.

Leo hukumu zinapatikana bure kwenye TanzLII, tovuti inayochapisha hukumu za mahakama za Tanzania, nami nalifurahia jambo hilo kwa moyo wote. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mwanamke anayedai haki yake Songea anastahili kuisoma hoja hiyo bila kulipa nauli ya kwenda popote. Ibara ya 18 ya Katiba inampa haki ya kutafuta habari. Ibara ya 16, hata hivyo, inahifadhi maisha binafsi na familia ya kila mtu.

Hivi karibuni nimesoma hukumu moja ya talaka iliyotaja majina ya watoto watatu, shule wanayosoma, namba ya kiwanja na maradhi ya mama yao. Nikayafunika yote kwa karatasi, nikasoma upya: hoja ya hakimu haikupungua hata chembe.

Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri lililohusu kumbukumbu za jinai zilizokusanywa na FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, ilikubali kwamba taarifa zilizotawanyika katika majalada ya mahakama mbalimbali si sawa na taarifa hizohizo zikiwekwa mahali pamoja. Kanada nako, tovuti ya CanLII huchapisha hukumu bure ila huzuia injini za utafutaji za nje zisiziorodheshe, hivyo wakili anaikuta hukumu kwa urahisi, ilhali mwajiri anayeandika jina la mwombaji kazi kwenye Google haletewi ndoa yake iliyovunjika.

Kwa hukumu za familia mimi ningeanzia hapo, kisha kila moja ipitiwe kabla ya kupandishwa mtandaoni, majina ya watoto yakigeuzwa herufi na namba za viwanja zikiondolewa. Jina la mtumishi wa umma aliyetiwa hatiani kwa kula fedha za zabuni libaki lilivyo, na litafutike.