Kuhara na kutapika baada ya sherehe: kirusi hubadilika, kanuni za jikoni ni zile zile

Kila msimu wa mahafali na harusi ukifika, ofisi za afya za kata hapa Mbeya hupokea malalamiko yanayofanana. Watu wamekula pamoja, kesho yake ukoo mzima unatapika, na lawama zinaenda kwa nyama, kwa jirani aliyetia kitu kwenye sufuria, au kwa taifodi. Taifodi haianzi usiku wa sherehe. Huchukua siku 6 hadi 30 kujitokeza, na hili tumelisema mara nyingi. Wengi wakitapika ghafla na kuhara maji saa 12 hadi 48 baada ya kula, kisha wakapata nafuu ndani ya siku moja hadi tatu, sisi maafisa afya tunashuku norovirusi, kirusi kinacholeta kutapika na kuhara, ingawa kwa utaratibu lazima kwanza tujiridhishe kwamba si kipindupindu.

Swali linalorudi ni hili: “Mwaka jana niliumwa hivihivi, mbona imerudi?” Kirusi hiki kilipewa jina la mji wa Norwalk, jimbo la Ohio, Marekani, ambako mlipuko ulitokea shuleni mwaka 1968. Kina aina nyingi, na iliyotawala duniani kwa muda mrefu inaitwa GII.4. Sehemu ya ganda lake ambayo kinga ya mwili huitambua hubadilika kidogo kidogo, hivyo kinga uliyojenga dhidi ya toleo la zamani inakuwa kama askari anayemsaka mtu wa koti jekundu wakati mtu huyo ameshavaa jeusi. Matoleo mapya ya GII.4 yalisambaa mwaka 2002, 2006, 2009 na 2012. Hilo la mwisho linaitwa Sydney. Tena, aina mbili zikikutana ndani ya mgonjwa mmoja zinaweza kubadilishana vipande vya vinasaba. Aina nyingine, GII.17, ilivuma China na Japani mwaka 2014 na 2015, ikarudi kwa nguvu Ulaya na Marekani majira ya baridi ya 2024 na 2025. Chanjo ya rota, kirusi kingine cha kuharisha, wanayopewa watoto wetu tangu 2013 haikingi norovirusi.

Aina inayozunguka hujulikana kwa kipimo cha vinasaba maabara. Inasikitisha kamati ya sherehe inapotuuliza jina la aina huku mpishi anayehara bado anakata kachumbari. Pilau lililoiva vizuri si mtuhumiwa wetu wa kwanza. Tunaangalia kachumbari, matunda yaliyomenywa, na mikono. Chembe zisizofika 100 zinatosha kumwambukiza mtu.

Kitakasa mikono chenye spiriti hakikiwezi vizuri kirusi hiki. Nawa kwa sabuni na maji tiririka, hata kama ni ya kibuyu chirizi na Juni hii ya Uyole maji yanauma vidole. Palipotapikwa, ondoa uchafu ukiwa umevaa glavu, kisha safisha kwa klorini ya asilimia 0.5: dawa ya kufulia yenye klorini asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Flagyl haiui virusi. Mgonjwa apewe ORS, mtoto aongezewe zinki, na asiyeweza kunywa apelekwe kituoni.

Sasa utaratibu. Wakiugua wawili au zaidi waliokula pamoja, toa taarifa kwa afisa afya wa kata, mtendaji wa mtaa, au piga 199 bila malipo. Chakula kilichobaki msikimwage. Kifunikwe na kuwekwa mahali pa baridi. Andikeni majina ya waliokula, walichokula, saa waliyokula na saa dalili zilipoanza. Sampuli ya choo ichukuliwe mapema, ikiwezekana ndani ya saa 72 tangu dalili zianze.

Mama lishe, baba lishe na wapishi wa shule wanatakiwa kupima afya kila baada ya miezi sita. Kadi ya kipimo hicho ni lazima, lakini haisemi lolote kuhusu tumbo lako la leo asubuhi. Anayehara asiguse chakula hadi zipite saa 48 tangu dalili ziishe, na hata akirudi aendelee kunawa kwa bidii, maana kirusi huendelea kutoka pamoja na choo kikubwa kwa wiki mbili au zaidi. Chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na sheria ndogo za halmashauri, afisa afya anaweza kuzuia chakula, kufunga jiko hadi likaguliwe upya, na kumfikisha mhusika mahakamani.

Tunajua mpishi wa kibarua huficha ugonjwa kwa sababu asipopika halipwi. Kamati za sherehe na wamiliki wa migahawa, mlipeni hizo siku mbili abaki nyumbani. Fedha hiyo ni ndogo kuliko gharama ya jiko lililofungwa.