Boila Mpya Haiokoi Gesi kwa Upya Wake

Naandika haya kwa sababu Waswahili wenzangu hapa Leicester, Uingereza, hawaachi kuniambia mimi fundi wao kwamba boila yao, mashine ya kupasha nyumba joto, ni ya kisasa, kwa hiyo inaokoa gesi yenyewe, kisha nikiitazama naikuta imewekwa kwenye nyuzi 80.

Mzunguko wenyewe hauna ubishi: gesi huungua, maji hupata moto, pampu huyasukuma kwenye rejeta, yaani vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba joto, nayo hurudi yakiwa yamepoa kiasi. Ubishi uko kwenye hayo yanayorudi. Gesi ya asili inapoungua hutoa mvuke, na mvuke huo hubeba takribani sehemu moja ya kumi ya nishati uliyoilipia. Tangu Aprili 2005, sheria ya England na Wales imetaka boila mpya za gesi, isipokuwa chache, ziwe za aina inayougeuza mvuke huo kuwa maji na kulinasa joto lake. Lakini mvuke haugeuki mpaka ukutane na chuma chenye joto la chini ya nyuzi 55 hivi, na kinachokipoza chuma hicho ni maji yanayorudi. Maji yakitoka na 80 yakarudi na 60, mvuke wote hutoka nje na pesa zako. Wala hiyo 55 si swichi: maji yakirudi na 50 mvuke unaonaswa ni kidogo, yakirudi na 35 ni mwingi.

Hapo huambiwa, "Fundi, rejeta zitakuwa vuguvugu!" Naam, na ziwe hivyo. Rejeta iliyozidi joto la chumba kwa nyuzi 30 hutoa takribani nusu ya joto ambalo ingetoa ikizidi kwa 50. Basi iache boila iwake saa nyingi zaidi, badala ya kuifokesha kwa nusu saa na kuizima.

Nakiri kwamba katika nyumba kuukuu za matofali, zenye rejeta ndogo, baridi ya Januari hunilazimisha kupanda hadi 65. Simwahidi mteja kiasi atakachookoa, kwani namba za kwenye lebo hupimwa maabara, ilhali majumbani ni nadra kukuta rejeta zimesawazishwa, yaani kila moja ipate maji kwa kiasi chake.

Anza na 55, kwenye kitufe chenye picha ya rejeta, si chenye picha ya bomba. Wenye tangi la maji ya kuoga wasishushe joto lake: humo hutakiwa nyuzi 60, ili bakteria wa Legionella, waletao ugonjwa wa mapafu, wasistawi.