"Breki Zilifeli" Si Mwisho wa Kesi

Kila lori linapopata ajali kwenye mteremko wa Iwambi, hapa Mbeya, maneno ya kwanza kusikika barabarani ni yaleyale: "Breki zilifeli." Dereva husema hivyo, utingo husema hivyo, na jioni redio nayo inasema hivyohivyo. Siku ya tatu, matangani, mzee wa ukoo anasimama na kuwaambia wafiwa kwamba ni amri ya Mungu, tena tumshukuru mwenye lori kwa kutoa jeneza. Matanga yanaanuliwa, na habari ya ajali inaishia hapo.

Mimi ni wakili katika kituo cha msaada wa kisheria. Maneno hayo mawili nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyopenda, na naomba tuyachunguze, kwa sababu yamewakosesha haki majeruhi na wajane wengi.

Tuanze na lori lenyewe. Kwa sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lori na tela lake vikiwa na shehena vinaweza kufika hadi tani 56. Gari dogo la kawaida la familia halifiki tani mbili. Mteremkoni uzito huo wote unalisukuma lori mbele, na kazi ya kuuzuia hugeuka joto. Dereva anayeshuka kwa gia ya mwendo kasi, au aliyeweka nyutro ili aokoe dizeli, anaiachia breki ya mguu kazi yote peke yake. Dramu zinachemka, chuma kinatanuka, laini, yaani vitambaa vya breki, hazishiki tena, moshi unaanza kufuka matairini. Akiendelea kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, upepo unaoendesha breki unapungua kwenye mitungi haraka kuliko kompresa inavyoweza kuujaza. Akifika kona ya chini anakanyaga na hakuna kitu. Watu wanaona ajali imetokea pale konani, lakini ilianzia juu ya mlima, wakati dereva anachagua gia. Madereva wazee wa njia ya Tunduma huwafundisha vijana wao washuke kwa gia waliyopandia, na waanze kuitumia breki ya injini kabla mteremko haujaanza. Anayefuata hilo hushuka miteremko ya Kitonga, Sekenke na Inyala miaka ishirini bila kumdhuru mtu.

Na dereva hayuko peke yake. Kuna mwenye lori aliyeambiwa na fundi kwamba laini zimekwisha akajibu, "Nenda na safari hii kwanza." Kuna aliyepakia zaidi ya uzito unaoruhusiwa, na kuna aliyepanga muda wa safari ambao hauwezekani bila kukesha. Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, kontena lililokuwa juu ya lori liliangukia basi la abiria na watu zaidi ya 40 wakafariki. Kila ninapoona kontena limepakiwa juu ya tela bila kufungwa kufuli zake za kwenye pembe, nakumbuka Changarawe. Mkaguzi wa magari akilikagua lori lililopata ajali, haya yote huacha alama: unene wa laini, hali ya matairi, mabomba ya upepo, uzito wa shehena. Mwenye lori anayejitetea mahakamani kwamba breki zilifeli ghafla anapaswa aeleze alivyokuwa akilitunza gari lake. Akikosa hata karatasi moja ya matengenezo, utetezi huo unaweza kumgeukia.

Kwenu mnaoendesha magari madogo na pikipiki, jambo ninalolisisitiza sana ni umbali. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaweka ukomo wa kilomita 80 kwa saa kwa magari ya biashara yenye uzito unaozidi kilo 3,500, na kilomita 50 kwa magari yote kwenye maeneo ya makazi yenye alama za ukomo huo. Kwa mwendo wa 80, gari linakata mita 22 kila sekunde. Dereva mzima, asiye na usingizi, hutumia kama sekunde moja na nusu kuona hatari na kupeleka mguu kwenye breki. Mita 33 zimeshapita na bado hajakanyaga. Upepo nao unahitaji muda kidogo kufika kwenye magurudumu ya tela la nyuma. Lori lililojaa linaweza kuhitaji takribani mita 100 ndipo lisimame, hata kwenye lami kavu na breki zikiwa nzima. Kwa hiyo ile nafasi unayoiona mbele ya lori, ukadhani dereva amezubaa, ameiacha makusudi. Ukiovateki na kujichomeka pale kisha ukafunga breki, umemnyang'anya mita alizozihitaji asikukanyage.

Dereva wa bodaboda aelewe pia kwamba dereva wa lori amekaa juu, upande wa kulia, na ubavu wote wa kushoto karibu na kichwa cha lori hauoni vizuri. Lori likitaka kukata kona kushoto, magurudumu ya tela hayafuati njia ya kichwa; yanaingia ndani ya kona na kumbana aliyesimama pale. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, chukulia kwamba naye hakuoni. Usiku, lori lililoharibika na kuachwa barabarani bila taa ndilo linalonitisha kuliko yote. Matawi ya miti yanasaidia mchana tu, na mawe yanayoachwa kwenye lami baada ya lori kuondoka huua wengine kesho yake.

Kuhusu malori ya mafuta sitasema mengi. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Sachangwan nchini Kenya ilitokea hivyohivyo Januari 2009, na Sange nchini Kongo mwaka 2010. Mvuke wa petroli hutambaa chini usiuone, na cheche ya pikipiki inatosha kuuwasha. Kimbia, wazuie watoto, piga 114 kwa Zimamoto.

Sasa ajali imetokea na wewe au ndugu yako mmeumia. Majeruhi atibiwe kwanza. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ni lazima ipatikane polisi, lakini ndugu mmoja anaweza kuifuatilia wakati mgonjwa yuko kwa daktari. Mwingine, kama eneo ni salama, apige picha kabla lori halijavutwa: alama za breki kwenye lami, matairi, shehena, na namba za usajili. Namba nasema kwa wingi, kwa sababu kichwa kina namba yake na tela lina namba yake, na mara nyingine wamiliki na bima ni tofauti. Familia nyingi huja kwetu na namba moja tu. Chukueni pia simu za mashahidi wawili au watatu. Muuza mahindi aliyeona kila kitu leo, mwakani amehamia Chunya.

Siku hizohizo za mwanzo ndipo karatasi zinapoletwa. Mama mmoja muuza ndizi alifika ofisini kwetu miezi minane baada ya lori kumvunja mguu. Akiwa wodini, mguu umening'inizwa, alitembelewa na mtu aliyejitambulisha kuwa msimamizi wa magari ya mwenye lori. Alimpa shilingi laki sita za pole na kumsainisha karatasi. Mama yule aliamini amesaini kwamba amepokea pole. Karatasi ilisema amelipwa fidia yake yote na hatadai tena kwa dereva, kwa mmiliki wala kwa bima. Kesi ambayo ingekuwa nyepesi ikawa na mlima wake. Nawasihi: pole ipokeeni kwa shukrani, ni utu, lakini msisaini maandishi yoyote yenye maneno kama "malipo ya mwisho" au "sitadai tena" kabla ya kumsomea wakili au msaidizi wa kisheria. Vishoka wanaozunguka hospitalini wakiahidi kufuatilia bima kwa makubaliano ya kugawana, waombeni vitambulisho vya uwakili. Wengi wataondoka.

Watu wengi pia hudhani kwamba dereva akifungwa au akitozwa faini, jambo limekwisha. Hiyo ni kesi ya Jamhuri dhidi ya dereva, na faini inakwenda serikalini. Fidia yako ni dai la madai, na linajitegemea. Hata hivyo hizi mbili zinasaidiana: kwa Sheria ya Ushahidi, hukumu ya mwisho ya jinai iliyomtia dereva hatiani ni uthibitisho wa kosa lake, hivyo fuatilia kesi hiyo na uombe nakala ya hukumu. Dai la fidia linaweza kumgusa dereva, mwajiri wake ambaye ni mwenye lori, na kampuni ya bima. Kila gari linalotembea barabarani linatakiwa na sheria kuwa na walau bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, na bima hiyo imewekwa kwa ajili ya yule aliyegongwa. Unaweza kuthibitisha bima ya gari kwa namba yake ya usajili katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mtandaoni. Lori likiwa la Zambia au Kongo, usikate tamaa: ulizia Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki, na inamlinda mtu wa tatu nje ya mipaka ya nchi gari lilikosajiliwa. Kampuni ya bima ipewe taarifa ya maandishi mapema, na tena unapofungua kesi, kwa sababu isipopewa kwa muda unaotakiwa inaweza kukwepa kulipa hukumu. Ikikuzungusha, Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yupo kwa ajili hiyo.

Utingo nao husahaulika. Dereva na utingo walioumia wakiwa kazini ni wafanyakazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hauulizi kwanza nani alikosea. Tatizo ni kwamba utingo wengi hawana hata mkataba. Kijana, weka ujumbe wa simu wa bosi wako na miamala ya posho anayokutumia. Huo ni ushahidi wa ajira.

Muda wa kufungua dai la kuumizwa kwa uzembe ni miaka mitatu, lakini msingojee. Ikiwa mtu amefariki, familia ifungue mirathi mapema ili awepo msimamizi wa kudai kwa niaba ya mjane, watoto na wazazi. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anahudumiwa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri wanajua vituo vilivyo karibu nanyi. Mkija, njooni na PF3, fomu za hospitali, picha, namba za kichwa na tela, jina la kituo cha polisi na la askari mpelelezi, na kila risiti. Njooni pia na daftari. Siku majeruhi aliyoshindwa kwenda sokoni, nauli ya kliniki, ujira wa binti aliyekuja kumsaidia kuoga, yote yaandikwe kwa tarehe kuanzia siku ya kwanza.