Endemiki maana yake nini? Kwale wa Udzungwa na chura wa Kihansi

Watu wengi wakisikia kiumbe flani ni "endemiki" wanajua ni adimu, yani wamebaki wachache. Sio hivyo. Endemiki ni yule anayepatikana sehemu moja tu duniani, ukimkosa pale usihangaike kumtafuta kwingine, na hata wakiwa laki nzima bado ni endemiki. Uchache ni habari nyingine.

Sasa hiyo "sehemu moja" ndo yenye mambo, inaweza kuwa safu ya milima au kijisehemu kama uwanja wa shule. Angalia hawa wawili wa milima ya Udzungwa, hapahapa Tanzania. Kwale wa Udzungwa wanasayansi wamemjua 1991, tena walianzia kwenye sufuria, watafiti wa Denmark wako kambini msituni wanaona miguu ya ndege wasiyemwelewa imo kwenye sufuria ya mboga, ndo ikabidi waanze kumsaka akiwa hai 😅 Ndugu zake wa karibu wako Asia, sio hawa kwale wetu wa mashambani. Yeye anakaa misitu ya Ndundulu na Nyumbanitu, mitego inamsumbua kweli, ila msitu upo, ukimfukuza bonde hili anakimbilia lile.

Chura wa Kihansi hana pa kukimbilia. Ni wa njano, jike halifiki hata sentimita 3, halafu hatagi mayai kama vyura wengine, anazaa watoto kabisa. Alionekana 1996 pale kwenye maporomoko ya Mto Kihansi, na kwao kote duniani ni kama hekta 2 tu za majani yanayolowa manyunyu ya maji yanayoanguka. Likaja bwawa la kufua umeme (huu huu nachajia simu), maji mengi yakapitishwa kwenye mtambo, manyunyu yakakaribia kukata. Mwaka 2000 vyura karibu 500 wakapandishwa ndege kwenda Marekani, wakatunzwa zoo. Waliobaki, ingawa walifungiwa mabomba ya kunyunyiza maji, 2003 wakaporomoka ghafla na ugonjwa wa fangasi ulikutwa kwao, 2009 ikatangazwa porini hayupo tena.

Wajukuu wa wale waliosafiri walianza kurudishwa bondeni 2012, na manyunyu mengi wanayopata leo yanatoka kwenye mabomba.