Kukompaili sio kuendesha, na Python haisomi mstari kwa mstari

Jana tena, hapa Kirumba, kijana kanigeuzia laptop anionyeshe skripti yake, yaani programu fupi aliyoiandika kwa lugha ya Python, ya kujumlisha magunia ya dagaa yanayoingia mwaloni kila asubuhi, anasema "kaka nimeikompaili ila haitoi kitu". Alichofanya ni kuandika python na jina la faili kisha enta, na hiyo ni kuendesha. Kabla sijajibu mwenzake kadakia, "Python haikompailiwi wewe, ile ina intapreta, inasoma mstari kwa mstari". Huyu wa pili ndo kanikera zaidi maana anasema kwa uhakika na wengi wanamwamini.

Maana yenyewe ni fupi. Kompaila inachukua kodi yako yote, yaani maandishi ya programu uliyoyaandika, na kuigeuza kuwa lugha nyingine, mara nyingi ya mashine, kabla ya kazi kuanza. Intapreta inakaa hapohapo na kuitekeleza kodi yenyewe, ikikosekana kwenye kompyuta basi skripti yako ni maandishi tu.

Sasa neno kompaili. Limetoka kwenye Kilatini, compilare, lilikuwa na maana ya kupora, baadaye Wazungu wakalitumia kwa mtu anayekusanya maandishi ya wengine na kuyafanya kitabu kimoja. Grace Hopper wa Marekani alipotengeneza A-0 mwaka 1952 kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC, ile programu ilikuwa inakusanya kweli, unaipa namba za vipande vya kodi vilivyohifadhiwa kwenye tepu yenyewe inavifuata kimoja kimoja na kuviunganisha viwe programu moja. Kama mchuuzi anayepita mtumbwi hadi mtumbwi mpaka gunia lijae. Kazi ya kutafsiri lugha ilikuja kuzidi baadaye, lugha ya FORTRAN ya 1957 ndo mfano mkubwa, lakini jina likabaki lilelile la kukusanya.

Intapreta ni mkalimani, na hapa ndo watu wanapopotelea kwa sababu mkalimani tunamjua. Ukienda mkutano wa injili huku vijijini Usukumani mhubiri anasema sentensi moja ya Kiswahili, anasubiri, mkalimani anaitoa kwa Kisukuma, wanaendelea hivyo mpaka mwisho, kwa hiyo mtu akisikia intapreta anaiwaza Python imesimama vile pembeni ya faili. Hapana. Mkalimani wa Python anachukua hotuba nzima kwanza, anaiandika upya kwa mkato wake unaoitwa baitikodi, ndipo anapanda jukwaani. Na huko kuandika upya ni kukompaili, hakuna jina lingine.

Kama unabisha jaribu. Mstari wa kwanza weka print("Karibu"), halafu mstari wa 60 andika if yenye sharti na mstari wake wa ndani, ila ukasahau nukta mbili (:) mwisho wa sharti. Endesha. Hiyo "Karibu" hutaiona kabisa, utapewa SyntaxError, yaani kosa la uandishi, ya mstari wa 60, sasa ingekuwa inasoma mstari kwa mstari si ingekukaribisha kwanza? Rudisha nukta mbili, halafu kwenye sharti hilohilo tumia jina ambalo hujalitengeneza popote: sasa "Karibu" inatoka na NameError inakuja ikifika pale. Kosa la kwanza limekamatwa wakati wa kukompaili, la pili wakati wa kuendesha. Hata lile folda la __pycache__ ambalo watu wanalifuta wakidhani ni virusi, ndani yake kuna hiyo baitikodi ya mafaili uliyoyaimpoti, yaani uliyoyaita kutoka faili lingine, imehifadhiwa ili kesho isikompailiwe upya kama hujabadilisha kitu. Ukilifuta halina madhara, litarudi.

Turudi kwa yule kijana wa magunia ya dagaa. Skripti yake haikuwa na kosa la herufi hata moja, alikuwa ameandika def jumlisha():, yaani funksheni, kipande cha kodi chenye jina kinachosubiri kuitwa, na hesabu zote za magunia ndani, vizuri tu, faili likaishia hapo, hakuna sehemu anayoiita. Nikamwongezea chini jumlisha(), jumla ikatoka. Nikamwambia, ile funksheni ilikuwa imekompailiwa kweli tangu mwanzo, ila aliyeikompaili ni Python na sio wewe, wewe uliendesha faili, na funksheni yenyewe ilikuwa bado haijaendeshwa na mtu.