Zima Sauti, Simamisha Video: Baiolojia na Projekta Moja Mtwara

"Mwalimu, na mimi hii damu ya bluu ninayo?"

Swali hilo aliniuliza kijana wa kidato cha pili siku ya kwanza nilipoingia darasani na projekta. Nilikuwa nimewaonyesha video ya mzunguko wa damu, dakika kumi na mbili, rangi za kuvutia na muziki juu. Darasa lilitulia tuli, nikajua somo limeingia. Kumbe kilichoingia ni kwamba binadamu ana damu za rangi mbili! Bluu ile ni alama tu ya damu iliyopungukiwa oksijeni; yenyewe ni nyekundu iliyokoza. Mchoraji hakulisema hilo, na mimi nikanyamaza naye.

Tangu siku hiyo sijaonyesha video kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuisimamisha.

Kwanza nazima sauti. Watoto wetu wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakifika sekondari wanaikuta baiolojia kwa Kiingereza. Msimulizi wa video naye anakimbia kama mtu anayeogopa kuachwa na basi. Mtoto huyo mmoja afuate lugha, asome maandishi yanayopita chini, na papo hapo atazame vali za moyo, vile vilango vya kupitishia damu, zikifunga. Ataacha kimojawapo, na mara nyingi anachokiacha ni vali. Mwanasaikolojia Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amefanya majaribio mengi kuhusu jambo hili: picha yenye maelezo ya mdomo hufundisha vizuri kuliko picha ileile ikirundikiwa na maandishi yanayorudia maneno yaleyale. Kwa wanafunzi wangu nimeilegeza kanuni hiyo kidogo. Maelezo natoa mwenyewe, na ubaoni naandika istilahi tu, kwa tahajia ambayo mtihani utaitaka.

Pili, nasimamisha picha kabla jambo halijatokea. Ventrikali, vyumba viwili vya chini vya moyo, zimejaa damu, zinakaribia kubana. Vali hizi za juu zitafanya nini? Kila mtu aandike jibu, ndipo niachie video iendelee. Aliyekosea huwa anaangalia kwa makini kuliko aliyepatia. Hapo tunaweka mkono kifuani na kusikiliza: mlio wa kwanza ni vali zilizo kati ya atiria (vyumba vya juu) na ventrikali zikifunga, wa pili ni zile za kwenye mishipa mikubwa inayotoka moyoni.

Lililonisumbua zaidi ni kushoto na kulia. Kwenye picha, upande wa kushoto wa moyo unaonekana kulia kwa mtazamaji, na kila mwaka nusu ya darasa wanageuza. Nimeeleza kwa maneno mpaka nikachoka. Siku moja mwanafunzi alipita mbele ya projekta na moyo ukamwangukia kwenye shati lake jeupe la sare. Nikamwambia, "Simama hapohapo, watazame wenzako. Mkono wako wa kushoto uko wapi?" Akaunyanyua. Ventrikali ya kushoto ilikuwa upande uleule wa mkono wake. Darasa zima likafanya "aaah!" Sasa ndivyo ninavyofundisha kila mwaka, ila mwambie afumbe macho, maana taa ile ni kali.

Lakini shati halionyeshi unene. Kwa nini ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia? Hapo nanunua moyo wa mbuzi buchani, tunaupasua, kila mmoja anabonyeza kwa kidole. Ukubwa nao picha inaudanganya. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), na pale ukutani ilikuwa kama sinia la pilau. Tukapima: sentimita 40. Tukagawa kwa mikromita 8, tukapata mara 50,000.

Umeme ukikatika tunatumia simu yangu, vikundi vya watu sita kwa zamu. Inachosha, lakini inawezekana.

Video ninayoipenda kuliko zote hamtaipata mtandaoni, kwa sababu tumeitengeneza wenyewe. Mwezi wa Julai tulichagua kishada kimoja cha maua ya mkorosho karibu na shule, tukakifunga uzi mwekundu, tukakipiga picha kila asubuhi kutoka mahali palepale. Kabla ya kuziunganisha niliuliza: kinakua kwanza kipi, bibo au korosho? Watoto waliozaliwa chini ya mikorosho waligombana vibaya sana. Wengi walisema bibo. Picha zilipopita mfululizo, korosho ilionekana ikikua mpaka ikafikia ukubwa wake, huku kikonyo kikiwa bado chembamba. Bibo lilivimba baadaye. Kufundisha kwamba tunda halisi ni korosho, na bibo ni kikonyo kilichonenepa, kulichukua dakika tano tu.

Mwaka huu kishada kipya tulichokichagua kilipigwa na ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho unaoletwa na fangasi. Maua yakaingia vumbi jeupe, yakakauka, hayakushika hata korosho moja. Wanafunzi walitaka tuzifute picha zote tuanze na mti mwingine. Nimekataa. Mti mwingine tumeufunga uzi, na hizo za zamani nimezihifadhi kwenye flashi, kwa sababu fangasi tunawasoma muhula ujao.